RX-8: taa ya kulanti haizimi na mtungi una maji

Raskazone_SE3P

Wakuu, salaam. Gari ni Mazda RX-8 ya 2005, gia sita za mkono, iko Tanga mjini. Taa ya kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye dashibodi ilianza kwa kuwaka asubuhi tu injini ikiwa ya baridi, ikishapata moto inazima. Sasa hivi haizimi kabisa. Nikiumulika mtungi kwa tochi naona maji yako kati ya alama ya L (chini) na F (kujaa). Geji ya joto imetulia katikati, haitikisiki.

Fundi mmoja anasema achomoe soketi ya sensa achezee waya mpaka taa izime, yaishe. Mwingine anasema sili za injini zimekwisha, injini ishushwe. Kama inakula maji au haili, sina uhakika, maana kila taa inapowaka naongeza kidogo. Kabla sijakubali lolote, nianze kupima nini?

Fundi_Umeme_Ngamiani

Mkuu, ulivyoeleza mwanzo wa tatizo umeshatoa nusu ya jibu. Ndani ya mtungi wa RX-8, chini kabisa, kuna boya dogo lenye sumaku, na chini yake swichi inayoguswa na sumaku hiyo. Maji yakipungua boya linashuka, taa inawaka. Kwa miaka mingi ya kukaa kwenye kulanti ya moto boya linanyonya maji na kuwa zito. Hapo mwanzo linaelea kwa shida: injini ikiwa baridi kiwango kiko chini, taa inawaka, ikipata moto maji yanatanuka, boya linainuka, taa inazima. Likishazama moja kwa moja, hata ujaze mpaka shingoni taa itabaki. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa gari hili.

Upimaji wake ni huu. Injini iwe imepoa kabisa. Chomoa soketi chini ya mtungi, weka multimeta kwenye mlio, gusa pini mbili za sensa na uandike: inalia au hailii. Kisha toa mtungi (boliti za 10 na klipu za hozi, kinga maji kwa beseni safi). Ukiwa mtupu na umesimama wima, pima. Ugeuze juu chini, pima tena. Ukigeuzwa boya huanguka upande wa juu wa mtungi, ambao sasa uko chini, hata kama ni zito, kwa hiyo swichi lazima ibadilike. Sasa ujaze maji mpaka F ukiwa wima, upime mara ya tatu.

Ikibadilika kwa kugeuza lakini isibadilike kwa kujaza, boya limelewa maji. Isipobadilika kabisa, ama swichi imekufa ama boya limenasa kwenye tope. Suuza kwa maji ya uvuguvugu ukitikisa, upime upya. Ikibadilika vizuri kote, mtungi ni mzima, hamia kwenye waya: swichi ya gari ikiwa ON, jaribu soketi ikiwa wazi, halafu unganisha pini zake mbili kwa kipande cha waya. Hali moja kati ya hizo lazima izime taa. Zote mbili zisipoizima, kuna waya umekatika au umegusa bodi, na kwa hewa yetu ya chumvi angalia kwanza kutu ya kijani ndani ya soketi.

Sensa haiuzwi peke yake, unanunua mtungi mzima. Mtungi wa mtumba usiuchukue bila kuupima namna hiyo hapohapo dukani, kwa sababu nao una umri uleule.

Rota_Pongwe

Nakubaliana na fundi umeme kuhusu boya, ila mpangilio ningeugeuza. Kwanza hakikisha maji hayapotei. Boya bovu na rejeta inayovuja vinaweza kuwa kwenye gari moja kwa wakati mmoja, na ukishajua boya ni bovu utaacha kuiamini taa.

Na hiyo geji isikutulize. Geji ya RX-8 imetengenezwa isimame katikati kwa upana mkubwa wa joto. Ikianza kupanda ujue injini imeshachemka. Injini ya piston ukiichemsha mara moja unaweza kupona na gasketi ya silinda hedi. Hii ni ya rotari, haina hedi: ni hauzingi za alumini zimebanwa katikati ya sahani za chuma, na sili nyembamba za mpira ndizo zinazotenga maji na moto. Joto likizidi, sili zinaungua, na hapo ni kushusha injini kweli. Ndiyo maana kuzima taa kwa waya ni ushauri mbaya hata kama taa inadanganya. Nunua kisomaji cha OBD (soketi ya kupimia gari) cha bluetooth, usome joto kwa namba. Kwenye mwendo wa kawaida utaona kati ya nyuzi 82 na 97 hivi.

Kupima upotevu: acha kuongeza. Asubuhi gari ikiwa baridi, mahali tambarare, chora mstari wa kalamu ya rangi kwenye mtungi usawa wa maji. Angalia kila asubuhi palepale. Kabla ya kuwasha, bonyeza hozi ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu baada ya kulala usiku kucha, kuna gesi ya injini inayoingia kwenye maji. Moshi mweupe mzito unaokawia kuisha, injini kusitasita inapowaka na mapovu yasiyokoma mtungini ni dalili za jambo hilohilo. Uthibitisho ni dawa ya buluu ya kupimia gesi mdomoni mwa mtungi, ikigeuka njano sili zimekwenda. Kama dalili hizo hazipo, usimruhusu mtu aguse injini.

Raskazone_SE3P

Ahsanteni sana. Mrejesho: hozi asubuhi ni laini, moshi hakuna, mapovu hakuna, dawa imebaki buluu. Lakini maji yameshuka chini ya mstari upana wa kidole. Boya nalo nimelipima: nikigeuza inabadilika, nikijaza haibadiliki. Kwenye rejeta, pale plastiki ya juu inapokutana na alumini upande wa kushoto, kuna ukoko mweupe mkavu. Kuna anayeniambia nimwage dawa ya kuziba matundu. Na maji nimekuwa nikiongeza ya bomba, wakati mwingine ya kisima.

Rota_Pongwe

Huo ukoko ndio uvujaji wenyewe. Gari likiwa na presha maji yanapenya pale, yanakauka kwa joto, huoni tone chini. Thibitisha kwa pampu ya kupimia rejeta: pampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chako, isizidi hapo, uiache dakika 15 ukimulika ungio lile. Plastiki ikishachoka haizibiki kwa gundi. Dawa ya kuziba usiweke: njia za maji za injini hii na za hita ni nyembamba, itaziba pasipohitajika. Badilisha rejeta, mtungi na kifuniko kwa pamoja, maana kazi ya kumwaga na kujaza ni moja.

Maji ya kisima acha leo. Chumvi ikikutana na chuma na alumini ndani ya injini moja, alumini inaliwa. Suuza mfumo kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha changanya nusu kulanti ya magari ya Kijapani, nusu maji yaliyotoneshwa. Mfumo mzima unachukua karibu lita 10. Hayo maji ni yale ya kuongezea betri, lakini soma chupa vizuri: madukani yanakaa bega kwa bega na asidi ya betri.

Kujaza: inua pua ya gari kwa jeki na stendi, hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole huku ukiminya hozi ya juu. Washa, iache mpaka themostati ifunguke na hozi ya chini ipate moto, kisha shikilia mizunguko (RPM) 2,500 kwa dakika chache. Feni zote mbili zizunguke. AC ikiwashwa nazo ziwake. Zima, ipoe kabisa, ongeza mpaka F. Rudia kesho yake, hewa haitoki yote mara moja.

Fundi_Umeme_Ngamiani

Nyongeza: rudisha na ile sahani ya chini ya bampa. Mafundi wengi wanaitupa, na ndiyo inayoelekeza upepo kwenye rejeta.

Kama una safari ya kupanda Lushoto, jaribu Segera kwanza ukiangalia OBD. Kwenye mlima wa Mombo kwenda Soni, joto likipita nyuzi 105 na bado linapanda, zima AC, fungua hita, punguza mwendo. Likikaribia 110, paki na uzime, na kifuniko usikiguse mpaka mtungi ushikike kwa mkono.