Skani ya mifupa imewaka kwenye nyonga bandia: nitajuaje kama ni bakteria?

kamera_upanga: Wakuu, mgonjwa ana nyonga bandia ya miezi 8, maumivu hayaishi, CRP (kipimo cha damu cha mchochota) imepanda kidogo. Skani ya mifupa imewaka awamu zote 3 (damu ikiingia, ikitulia kwenye tishu, na mfupa wenyewe). Daktari wa mifupa anauliza: kuna bakteria au kifaa kimelegea tu? Siprofloksasini (antibayotiki) iliyobandikwa teknishiamu, ile mionzi ya kamera yetu, inafaa?

maabara_moto: Miezi 8 ni mapema mno, mkuu. Mfupa unaojijenga kuzunguka kifaa huweza kuwaka mwaka mzima na zaidi. Skani hiyo ingekusaidia kuondoa shaka kama ingetoka safi. Siprofloksasini achana nayo, hung'ang'ania hata penye mchochota usio na bakteria.

Fanya skani ya chembe nyeupe za damu ya mgonjwa mwenyewe, zikibandikwa teknishiamu kwa HMPAO (kemikali inayoiingiza ndani ya chembe), kisha zirudishwe mwilini. Chota damu mililita 40 hadi 50 yenye ACD (dawa ya kuzuia kuganda) kwa sindano nene, geji 19 au 20. Weka HES (wanga wa kuharakisha kutulia), chembe nyekundu zitulie dakika 30 hadi 45, kisha zungusha sehemu ya juu kwenye sentrifuji kwa 150 g (mara 150 ya nguvu ya uvutano) dakika 5. Hapa ndipo wengi wanaharibu: ukizungusha kwa nguvu au ukitikisa bomba, chembe zinajeruhika na ukizirudisha zinakwama mapafuni. Teknishiamu isizidi saa 2 tangu ikamuliwe kwenye jenereta (mtambo unaoizalisha). Jenereta nayo iwe ilikamuliwa ndani ya saa 24 kabla ya hapo, la sivyo Tc-99 (teknishiamu iliyokwisha kufifia) iliyorundikana inagombania HMPAO. Kama ililala wikiendi, kamua, weka kando, kamua tena baadaye.

kamera_upanga: Picha je?

gama_pwani: Saa 4 na saa 24 baada ya kurudisha chembe. Kati yake teknishiamu inafifia mara 10, kwa hiyo sekunde 100 za mwanzo ziwe sekunde 1,000 kesho yake, na skeli ya mwanga usiiguse. Doa likikua au kukolea, ni maambukizi. Likibaki vilevile au kupungua, huenda ni uboho tu, maana chembe nyeupe huenda huko pia. Ukisita, ongeza skani ya koloidi ya salfa, inayoonyesha uboho. Chembe zilipo na koloidi haipo, hapo pana usaha. Ila uti wa mgongo usiupime hivi, maambukizi yake mara nyingi hutokea kama doa baridi.

kamera_upanga: Na ile FDS ya PET (skani ya aina nyingine ya mionzi)?

gama_pwani: Inatengenezwa kutoka FDG (sukari yenye mionzi ya PET) na inanasa Enterobakteria, mfano E. coli. Stafilokokasi, ambao ndio wasumbufu wakuu wa viungo bandia, haiwaoni. Mwambie daktari avute maji ya kiungo yaoteshwe, antibayotiki zikiwa zimesimamishwa wiki 2 kama hali ya mgonjwa inaruhusu.