Nimealikwa kongamano la walimu wa Maarifa ya Jamii nje ya nchi, ruhusa naombaje? Naombeni ushauri

ChakiMkononi: Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Jamii. Tangu niajiriwe, mafunzo kazini kwangu ni semina za kusomewa mtaala mpya basi. Sasa nimepata nafasi ya kuwasilisha mada kwenye kongamano la kimataifa: namna ninavyofundisha uraia kwa ramani za mtaa ambazo wanafunzi wamezichora wenyewe. Shida, tarehe zimegongana na mitihani ya majaribio ya darasa langu. Nimwombeje ruhusa mkuu wa shule asinikatalie? Usingizi sipati.

MzeeWaAtlasi: Mwanangu, nenda! Kwenye mkutano wa walimu wa jiografia ndiko nilikojifunza kufundisha kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, kwa kiazi: unakikata vipande vya unene sawa, unakizungushia kalamu kipande kimoja kimoja juu ya karatasi, kilima kinatokea. Nimestaafu na wanafunzi wangu bado wananikumbusha kile kiazi.

BiMkubwa_Uraia: Mimi nitasema ukweli hata kama unauma. Mwalimu wa uraia anayeacha watoto wakati wa mitihani anawafundisha uraia gani?

Kidadisi: Mwalimu, uliomba nafasi hiyo au wao ndio walikutafuta? Na gharama ni za nani?

ChakiMkononi: Nauli najitegemea, hilo si tatizo. Naombeni tubaki kwenye ruhusa.

Kidadisi: Hujajibu.

ChakiMkononi: Sawa. Walinitumia barua pepe wenyewe. Nikatuma ikisi, yaani muhtasari wa mada yangu, jioni, asubuhi nikajibiwa imekubaliwa. Ada ya ushiriki nimeshalipa, nimekopa kwenye chama, na hairudishwi. Lakini barua ina nembo ya chuo kikuu, na wanatoa tuzo ya mwalimu bora. Mikutano yote mikubwa hulipisha, kwa hiyo sioni ajabu.

Kidadisi: Kulipisha si hoja, hapo uko sahihi. Baraza la Taifa la Maarifa ya Jamii la Marekani, NCSS, lililoanzishwa 1921, nalo hulipisha mkutano wake wa mwaka, hata kwa watoa mada. Ila mapendekezo ya mada hutumwa miezi mingi kabla na husomwa na wahakiki. Ikisi ya jioni kukubaliwa asubuhi, nani aliisoma?

Kuhusu nembo: mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa utafiti uliolinganisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakipima ukweli wa tovuti. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walidanganywa na nembo na majina ya tovuti. Wahakiki waliiacha tovuti upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu yake. Ndicho tunachowafundisha watoto: nani kaandika, kwa nini, na nani mwingine anathibitisha. Ifanyie barua yako hivyo hivyo.

MzeeWaAtlasi: Na kama unafundisha sekondari, uliza kama bado ipo Fulbright TEA, programu ya walimu ya wiki sita katika chuo kikuu cha Marekani. Walimu wa somo letu walikuwamo, na gharama zilibebwa na serikali ya Marekani. Kuomba kulikuwa bure.

Nyundo_ya_Hoja: Wakuu, mnapigwa kamba. Akaunti mpya, "kongamano la kimataifa", jina halitajwi. Subirini, kesho analeta linki ya kujisajili. Hili ni tangazo.

BiMkubwa_Uraia: Hata mimi nilishtuka. Mwalimu gani anakopa kabla ya kupata ruhusa?

Nyundo_ya_Hoja: Mods ufungeni huu uzi.

ChakiMkononi: Jina sijalitaja ili msinione natangaza! Nimekopa kwa sababu walisema nafasi zinaisha. Barua inaanza hivi: "Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa sana na machapisho yako." Mada za kongamano: elimu ya jamii, uuguzi, uhandisi, benki na usimamizi wa hoteli. Mtu wa matangazo angewawekea hayo?

Kidadisi: Una machapisho?

ChakiMkononi: Sina. Nilidhani ni lugha ya heshima.

Nyundo_ya_Hoja: Mwalimu, nimekukosea, samahani. Wauguzi, wahandisi na sisi kwenye ukumbi mmoja? Hao wanakusanya ada. Ramani zako nani atakaa kuzisikiliza?

Kidadisi: Ingia tovuti ya chuo chenyewe, chukua anwani yao hapo, si kwenye ile barua. Waulize kama wana kongamano tarehe hizo. Na usilipe kingine chochote.

ChakiMkononi: Wanataka hela ya malazi kabla ya Ijumaa. Nitawaandikia chuo leo. Ila ruhusa naomba, maana chuo kikithibitisha halafu sina ruhusa, nitakuwa nimekosa vyote.

BiMkubwa_Uraia: Mwanangu, hiyo barua ya ruhusa usiipeleke mpaka chuo kijibu. Na hizo ramani za wanafunzi, zipige picha utuwekee hapa. Nina darasa la uraia Jumatatu.