Simu na kompyuta zimeoana kwa Bluetooth, lakini picha hazifiki

Katibu wa Kikundi

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na kila baada ya kikao hupiga picha kurasa za daftari la hisa kwa simu yangu ya Android ili nizihifadhi kwenye kompyuta inayotumia Windows 10. Tundu la chaji la simu limechoka: chaji inaingia, lakini kompyuta haiitambui simu hata nikibadilisha waya. Nikizituma kwa WhatsApp, zinakula bando na ubora unapungua kiasi kwamba tarakimu 3 na 8 hazitofautiani, jambo ambalo siwezi kulivumilia katika hesabu za fedha za watu. Basi nikaoanisha simu na kompyuta kwa Bluetooth, tarakimu sita zikatokea pande zote mbili, nikakubali. Hata hivyo, kila nikituma picha, simu inasubiri kidogo kisha inaniambia faili haikutumwa. Nikaifuta kompyuta kwenye simu ili nianze upya, na sasa hata kuoana kwenyewe kumegoma. Nimekosea wapi?

Fundi wa Simu

Ndugu Katibu, pole. Hapo una matatizo mawili, na ni vyema tuanze na hili la mwisho. Vifaa viwili vikioana, kila kimoja huhifadhi ufunguo wa siri wa pamoja, ambao kwa huo hutambuana siku nyingine bila kuulizana tena. Wewe umeufuta upande wa simu tu, huku kompyuta ikiendelea kuushikilia ule wa zamani. Ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya kompyuta, uondoe jina la simu yako, kisha zima na uwashe Bluetooth pande zote mbili ndipo uoanishe upya. Tarakimu sita zikitokea, usikubali kwa mazoea. Zilinganishe moja moja, kwa sababu kufanana kwake ndiko kunakothibitisha kwamba hakuna kifaa cha tatu kilichojipenyeza katikati.

Ama kuhusu picha kutofika, kuoana si ruhusa ya kupokea. Windows haipokei faili ya Bluetooth mpaka uiambie isubiri. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika fsquirt, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha dogo linalouliza kama unatuma au unapokea. Chagua kupokea, na dirisha hilo likiwa linasubiri ndipo utume kutoka kwenye simu.

Mwalimu wa Kompyuta

Maelezo ya Fundi ni sahihi. Naongeza kwamba picha zikishafika, dirisha lile hukuonyesha folda zitakamowekwa, nawe unapaswa kubofya kitufe cha kumalizia. Mwanafunzi wangu mmoja alilifunga kabla ya hapo, akazitafuta picha kwenye folda zote asizione, ikabidi azitume upya.

Kadhalika, Bluetooth inafaa kwa kurasa za daftari, lakini si kwa video. Kasi yake kwa kawaida haivuki megabiti 2 hivi kwa sekunde (MB moja ni megabiti 8), kwa hiyo picha ya MB 4 huchukua kama sekunde 16, ilhali video ya MB 300 itakuweka dakika 20 au zaidi. Kwa mafaili mazito tumia Wi-Fi, ambayo haikuli bando mradi faili linatoka simu kwenda kompyuta moja kwa moja bila kupitia intaneti.

Mgeni Jukwaani

Naomba kuuliza, je, njia hii inafaa kwa iPhone?

Fundi wa Simu

Hapana. iPhone huoana na kompyuta ya Windows, lakini haitumi picha wala faili kwa njia hii ya Bluetooth.

Katibu wa Kikundi

Nashukuru sana, Fundi na Mwalimu. Nimefuta pande zote mbili, nikalinganisha tarakimu, nikafungua dirisha la kupokea kwanza. Kurasa zote 12 za kikao cha Jumamosi zimefika, na nilipozikuza kwenye kioo, 8 inasomeka 8.