Mtoto anafukuzwa shule kwa mchango, halafu ruzuku ya mama inakatwa eti mtoto mtoro!

Wakuu, nina hasira, naomba mnisome hadi mwisho.

Mpango wa kunusuru kaya maskini, huu wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali), una sharti: mtoto wa mlengwa ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Akishuka hapo, ruzuku inayotoka kila baada ya miezi miwili inapunguzwa. Sharti lenyewe sina ugomvi nalo. Mtoto asome, maana huku ziwani asiye na mtumbwi wala shamba hana njia nyingine ya kujikwamua.

Sasa sikieni. Dada yangu, naye mlengwa, yuko Igombe, Mwanza, ananunua dagaa wabichi mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, anaanika, anauza kwa ndoo. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa haitoki, na siku hizo hana hata mia. Ni siku hizo hizo shule ikataka hela ya uji, ya mlinzi na ya mtihani wa majaribio. Binti yake wa darasa la sita akatolewa mstarini na wenzake, wakaambiwa chukueni mabegi, msirudi bila hela. Wiki nzima mtoto yuko nyumbani anageuza dagaa juani. Kwenye daftari la mahudhurio kaandikwa hayupo, hayupo, hayupo. Sababu haikuandikwa.

Piga hesabu: mwezi wenye siku 22 za masomo, ukikosa tano umeshuka hadi asilimia 77. Malipo yalipotoka, hela imepungua. Dada kuuliza, akajibiwa, "Mama, mwanao mtoro."

Mtoro wakati mwalimu ndiye aliyemtoa! Na fomu ya mahudhurio anaijaza mwalimu huyo huyo!

Elimu bila ada ilianza 2016. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango baada ya kusikia watoto wanarudishwa nyumbani. Leo imerudi kwa jina la makubaliano ya wazazi. Najua walimu wakuu wanabanwa: ruzuku ya serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, igawe kwa siku 194 za masomo, hazifiki hata 52 kwa siku. Basi wabanane na halmashauri. Kwa nini mzigo aubebe mtoto wa kaya ambayo serikali yenyewe imeshaikagua na kuiandika kuwa ni maskini?

Mtoto aliyerudishwa kwa mchango asihesabiwe mtoro, na hela iliyokatwa irudishwe. Hilo tu.

Mlioko Ukerewe, Sengerema, Buchosa, kuna aliyewahi kukatwa hivi akarudishiwa? Alianzia kwa mtendaji wa mtaa au alienda moja kwa moja halmashauri? Na barua ya mwalimu kwamba alimrudisha mtoto mliipataje? Dada kaiomba, kanyimwa.