Nyungu zenye kibonyeo kitakoni: zinathibitisha kwamba wakulima wa kwanza wa Kivu walihamia?

Mwana Kadutu: Shuleni tunafundishwa kwamba wakulima wa kwanza wa milima ya Kivu walitoka kwingine, na ushahidi ni nyungu za Urewe, mtindo wa kale wa ufinyanzi, zile zenye kibonyeo kitakoni. Zimepatikana Kivu, Rwanda, Burundi, Buhaya kule Tanzania, mpaka Siaya kule Kenya. Nauliza: nyungu zikifanana, ndiyo watu walihama?

Birere 12: Ufundi tu ulipita kilima hadi kilima. Kibonyeo ni alama ya kidole gumba, mtu anaona nyungu ya jirani sokoni, anaiga jioni ileile. Leakey, yule mwanaakiolojia, alichimba hapa Kivu 1948, wengine wanarudia maneno yake.

Yaya wa Nyawera: "Jioni ileile"? Anayesema hivyo hajui ufinyanzi. Pambo unaliiga kwa macho. Kuinua ukuta wa nyungu unafundishwa, umekaa kando ya mama au shangazi. Chukua kigae, tazama kilipovunjika: kama mfinyanzi alipandanisha kamba za udongo, mpasuko unafuata maungio, ukingo mmoja una mfereji, wa pili una mgongo. Kama alivuta bonge moja, mpasuko unakwenda ovyo. Halafu ule mdomo wa Urewe wenye mikato miwili, mitatu: ukiukata udongo ungali laini mno unapinda, ukichelewa unameguka. Sokoni utayaona wapi hayo? Na 1948 ni nyungu za Kavirondo, Kenya. Za Kivu walizitangaza watafiti Hiernaux na Maquet, 1957 na 1960.

Birere 12: Mwaka nimekubali. Ila yaya, umejijibu. Kama wanaofundisha ni mama na shangazi, bibi arusi mmoja anayeolewa ng'ambo ya kilima anatosha. Kuhama kuko wapi?

Yaya wa Nyawera: Kwa hiyo mwanamke akihama hajahama?

Papa Bagira: Wanangu, tulieni, meno yataamua. Enameli, lile ganda gumu la jino, ya gego la kwanza inajengwa tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu hivi, kisha haibadiliki tena. Inashika strontiamu ya chakula cha utotoni, elementi inayotoka kwenye mawe ya mahali, na uwiano wa isotopu zake hutofautiana mawe kwa mawe. Lava changa ya Goma ina uwiano mdogo, mawe ya zamani ya huku Bukavu uwiano mkubwa. Bibi arusi wenu angeonekana.

Katindo: Papa, kwa heshima, Bukavu yenyewe imekaa juu ya lava, ya mamilioni ya miaka. Kwanza pima majani na konokono wa kila bonde, ndipo ugeukie meno. Na meno yako wapi? Udongo wa milima hii una asidi, mvua haikosi, mifupa inaliwa. Ndiyo maana kaburi la Kabusanze, Rwanda, la mnamo 400 BK, ambalo mifupa yake ilisalia, linatajwa sana.

Birere 12: Basi mmebaki na makaa ya kuni, na tarehe za makaa kwa kaboni-14 ni uongo mtupu.

Katindo: Siyo uongo, zinataka uangalifu. Makaa ya tanuru la chuma yakitoka kwenye kiini cha mti mkubwa yanatoa umri wa kiini, siyo wa moto. Unaweza kuongeza karne nzima bila kujua. Tena kati ya 800 na 400 KK mstari wa kusahihisha tarehe, unaogeuza kipimo cha kaboni kuwa miaka, umelala bapa, sampuli zilizopishana karne kadhaa zinasomeka sawa. Pima mbegu, kwa sababu zinaota na kuvunwa mwaka mmoja. Rwanda zimepatikana za mtama, uwele na ulezi pamoja na vigae vya Urewe. Kuzipata, loweka lita 10 za udongo wa machimbo, koroga polepole, mimina maji ya juu kwenye chujio la milimita 0.25. Ukikoroga kwa nguvu zinasagika.

Mwana Kadutu: Na swali langu?

Yaya wa Nyawera: Birere bado hajanijibu, lakini wewe nakujibu. Kata kigae, kisugue hadi unene wa milimita 0.03, kiweke chini ya darubini. Ukikuta chembe za mawe ya kwingine, nyungu ilibebwa. Ukikuta udongo wa palepale lakini mkono wa kwingine katika maungio na mdomo, aliyekuja ni mfinyanzi mwenyewe.

Birere 12: Haya, amehama. Lakini huyo ni mtu mmoja, kitabu cha shule kinasema taifa zima.

Yaya wa Nyawera: Basi hesabu vigae vya kila kilima.