Tupeane uzoefu: bondeni mvua, mlimani theluji. Mliovuka mlima wa Donner, California, wakati wa dhoruba, semeni

Mtu wa Mzigo
Wakuu, nimeshusha Stockton, nimepewa mzigo wa kwenda Reno, ng'ambo ya mlima. Utabiri unasema dhoruba inaingia usiku: Sacramento mvua tu, ila kuanzia Blue Canyon kwenda juu theluji na upepo. Njia ni barabara kuu ya I-80. Nimezoea Texas na Arizona, mlima huu sijawahi kuukuta wakati wa baridi. Mliopita nipeni yenu, si ya kwenye vitabu.

Dada Elk Grove
Kila mtu anaogopa mlima, sisi wa bondeni hatuulizwi. Mkesha wa kuingia 2023 nilikuwa naenda zamu ya usiku kwa bibi ninayemhudumia. Mvua ilikuwa ile ya kawaida ya kuchosha, si ya kutisha. Kumbe matuta ya mto Cosumnes yamepasuka, maji yamevuka barabara ya 99. Mbele yangu niliona taa za gari zinawaka, lakini zinawakia majini. Niligeuza palepale. Kuna watu walikufa ndani ya magari usiku ule. Maji ya futi moja tu yanatosha kubeba gari dogo, na gizani huwezi kujua ni futi moja au tano.

Mkaazi wa 99
Kweli kabisa. Nilikuwepo.

Omosh wa Salgaa
Mimi nimeteremka Salgaa kule Kenya usiku, mvua na ukungu juu. Donner ni mteremko kama mingine. Gia ndogo, breki ya injini, usiguse nyutro. Kwisha.

Kitonga Oyee
Salgaa mlikuwa mnajimaliza wenyewe kwa kuachia gia mpate kubana mafuta. Njoo Kitonga pale Iringa, mkono huu jabali, mkono huu korongo, na basi linakuja na kona yote ni yake.

Omosh wa Salgaa
Kitonga kuna theluji?

Kitonga Oyee
Salgaa ipo?

Papa Boise
Bandugu, muache mabishano. Mimi niko Idaho, napitaka I-84 kule Oregon, kilima ya Cabbage Hill pale juu ya Pendleton. Iko na kona za kujikunja mbaya sana. Chini mvula, juu barafu. Nilifungaka macheni ya matairi kwa giza mpaka vidole vikakufa. Sasa natembea na glovu pea mbili: moja ya kufungia, ile ingine kavu ya kuvaa kisha.

Mwalimu Davis
Niwaeleze kwa nini mguu wa mlima unadanganya. Hewa ya Pasifiki inakuja imejaa unyevu, inakutana na Sierra Nevada, inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa, nyuzi kama sita kwa kila kilomita. Sacramento iko karibu usawa wa bahari, kilele cha I-80 kiko kama mita 2,200. Kwa hiyo ukiona nyuzi 12 Sacramento, kule juu uko chini ya sifuri kidogo. Mvua inayokulowesha Sacramento na theluji inayofunga Donner ni dhoruba moja.

Kitonga Oyee
Ticha, kwa hiyo aende au asiende?

Baba Zuhura
Nilikuwa napita tu kimya ila mmenitonesha. Ni ile dhoruba ya Machi 2024, iliyofunga I-80 tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Dispatcha, yule mgawa mizigo wa kampuni niliyokuwa nayo, ananipigia kila saa: wenzako wamepita, wewe unaogopa nini. Colfax mvua, waipa tu. Blue Canyon chenga zimeanza. Nikafunga cheni, magurudumu ya kusukuma na trela pia, nimelala chali kwenye tope la barafu, malori yanapita karibu na miguu yangu. Ukishazivaa unatembea maili 25, 30 kwa saa, basi.

Baada ya Kingvale foleni ikasimama. Mbele kuna lori limejikunja, kichwa kinaitazama trela yake. Upepo ukaja, sikuona hata taa zangu mwenyewe.

Mlango ukagongwa. Mama na mtoto kutoka gari dogo lililokuwa nyuma yangu. Theluji imefika usawa wa bomba lao la moshi, na walikuwa wamewasha injini wapate joto. Jamani, bomba likizibwa moshi unarudi ndani, mnasinzia na hamwamki. Tukalizima lile gari, nikawapandisha kebini, nikawapa kitanda. Nikapika uji wa ulezi kwenye jiko langu dogo la umeme. Mtoto akakataa, eti una rangi ya matope.

Usiku wa manane mama ananiambia ana kisukari, na dawa ameiacha garini. Nikachukua mkanda wa kufungia mzigo, nikajifunga kiunoni, ncha nyingine kwenye ngazi ya lori. Gari lilikuwa hatua chache tu. Nikapotea. Nilikuwa napapasa hewa, sijui juu wala chini, kope zimeshikana. Nikaja kugonga goti kwenye bampa. Kurudi, niliuvuta ule mkanda huku nikisoma kila dua ninayoijua.

Kitonga Oyee
Chai hii. Leteni vitafunwa.

Mkaazi wa 99
Chai gani? Ile barabara ilifungwa kweli, karibu maili 100. Ilitangazwa kila mahali.

Kitonga Oyee
Barabara sikatai. Nakataa mkanda.

Dada Elk Grove
Baba Zuhura, hiyo insulini haikuganda? Ikiganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka tena.

Baba Zuhura
Ilikuwa kwenye pochi, chini ya blanketi. Aliigusa kwanza akaitikisa, akasema iko sawa.

Dada Elk Grove
Haya, hapo nakuamini. Mwongo asingekumbuka blanketi.

Mtu wa Mzigo
Sasa mimi nipunguze upepo wa matairi? Kuna mtu kaniambia yanashika zaidi.

Omosh wa Salgaa
Punguza kiasi.

Papa Boise
Hapana! Ukiwa na mzigo mzito tairi itakupasukia. Acha vile iko.

Mama Kifaru
Kioo kikiganda mimi humwagia maji ya moto, sekunde tu kimesafika.

Mkaazi wa 99
Mama, usiwafundishe watu kupasua vioo.

Mwalimu Davis
Wenye magari madogo, mtakuta vibao vya amri ya cheni: R-2 maana yake cheni kwa wote, isipokuwa yanayosukuma magurudumu manne na yenye matairi ya theluji kwenye yote manne. R-3 hakuna anayesamehewa, ila mara nyingi kabla ya kufika R-3 barabara huwa imeshafungwa. Ukimlipa mfunga cheni wa pembeni mwa barabara, uliza bei kwanza, chukua risiti na uandike namba ya kizibao chake.

Kitonga Oyee
Na ubebe unga. Wale wahamiaji wa 1846 walioupa mlima jina walikwama hapo hapo, karibu nusu wakafa, na waliobaki unajua walikula nini.

Mama Kifaru
Wewe Kitonga huna adabu, mwenzio yuko njiani.

Mtu wa Mzigo
Siko njiani. Nimepaki Sacramento, dispatcha nimemwambia kesho mchana, na simu nimeiweka kimya.

Papa Boise
Muzuri. Baba Zuhura, na ule mutoto, uji alikunywa?

Baba Zuhura
Asubuhi, baada ya kuujaza sukari. Nimefika mizani, baadaye.