Tupeane uzoefu: kupanda fungu na boti ndogo ya tanga

Bildi
Wakuu, habari za majini. Nazungumzia boti ndogo za tanga, futi 17 hadi 24 hivi, zile zenye chumba cha kulala watu wawili na dari ya kukugonga kichwa. Kwa kuwa hazihitaji kina kirefu, tunajipenyeza kwenye vihori ambavyo wenye boti kubwa huviangalia kwa darubini tu, na huko ndiko tunakokwama. Mwenye mkasa autoe, ila ataje aina ya mkuku (lile bapa zito la chini ya boti), chini kulikuwa na nini, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Bila hayo ni soga.

Naanza. Mkuku wangu ni wa kupandisha kwa waya na winchi. Mdomoni mwa mto, maji rangi ya udongo, waya ukalegea mkononi: mkuku umegusa mchanga, umejiinua wenyewe. Nikazungusha winchi, tukaelea. Balaa lilikuja nje, tulipotaka kwenda joshi, yaani kuukabili upepo. Changarawe ilikuwa imekaba kwenye ala ya mkuku, ule mfuko unamopandia, haushuki ng'o, na boti bila mkuku inakwenda upande kama kaa. Tuliukomboa ufukweni, boti imelazwa ubavu, kwa bapa jembamba la chuma.

Mpiga Pondo
Hiyo cha mtoto. Jamaa yangu alipanda tope, mkuku wa kudumu, maji yamejaa pomoni, bamvua yenyewe, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mimi nilikuwa abiria. Baada ya hapo kila maji yalipojaa yalifika chini kidogo ya jana yake; alama ya unyevu ubavuni unaiona kwa macho ikishuka. Ikabidi tungoje bamvua nyingine, karibu wiki mbili. Tulishusha injini, mnyororo, maji ya kunywa, mpaka magodoro. Nanga tuliipeleka kwa miguu maji yalipokupwa, tukaifukia ukingoni mwa mkondo. Siku ilipowadia, kamba imekazwa kwenye winchi, tope likaachia kwa kishindo cha kizibo.

Demani
Mngeilaza tu. Boti ya mkuku mmoja ikiegama, kina inachohitaji kinapungua. Kwetu mtu mmoja alikalia mti wa chini wa tanga, tukausukuma nje ya ubavu, boti ikateleza yenyewe.

Mikuku Miwili
Mkuu Demani, hilo usimwambie mwenye mikuku miwili. Ukiiegemeza, mkuku wa upande huo unazama zaidi. Nimemwona nahodha akipanga watu wote upande mmoja, boti ikazidi kujichimbia. Raha ya mikuku miwili ni kukaa wima maji yakiondoka, lakini chini kuwe sawa. Sisi mmoja ulikalia jiwe, wa pili ukadidimia topeni. Usiku kucha tulilalia ukuta, na kila ukigusa kabati vyombo vinakurukia.

Nanga ya Pili
Watu wanasahau kasi ya maji. Yakikupwa kwa saa 6, mimi nakadiria hivi: saa ya kwanza huondoka 1/12 ya tofauti yote kati ya maji kujaa na kupwa, ya pili 2/12, ya tatu na ya nne 3/12 kila moja, kisha 2/12, kisha 1/12. Penye tofauti ya mita 4, saa ya tatu pekee inakuondolea mita nzima, yaani zaidi ya sentimita moja na nusu kila dakika. Sisi tuligusa saa hiyohiyo. Wenye boti, mtu na mkewe, wakaanza kubishana nani alikuwa ameshika usukani. Ubishi ulipoisha, tuko nchi kavu. Tulichowahi ni kuilaza ielekee juu ya mteremko. Ikilalia upande wa kilindi, maji yakirudi yanaweza kuingia ndani kabla haijainuka.

Bildi
Na injini mlijaribu?

Nanga ya Pili
Tulijaribu kurudi nyuma, tukaizima upesi. Panga la injini linavuruga mchanga, na injini inaunyonya pamoja na maji ya kupoza. Tazama kale kamchirizi ka maji nyuma ya injini: kakikonda, pampu imeshakula mchanga, na joto litapanda ukiwa katikati ya mkondo.

Ngama
Nyote mmezungumzia mchanga na tope. Mimi tulipiga mwamba, mkuku wa kudumu, mwendo mzuri tu. Mwenzangu alishakimbilia kamba ajinasue, nikamwambia ngoja. Nikafungua ubao wa sakafu, nikaonja maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa ndani ya boti: chumvi, yaani bahari inaingia. Hapo juu ya mwamba tulikuwa salama kuliko kuelea. Tulichomeka vitambaa, tukaita msaada, ndipo tukatoka. Fundi hakuhangaika na sehemu ya mbele iliyogonga. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mkuku, kwa sababu ukigonga mbele, ncha ya nyuma ndiyo inayosukumwa juu kwenye sakafu ya boti, na ufa ulikuwa hapohapo, pembeni ya bolti ya mwisho.